Kitabu alichokisoma nkambo



Jumamosi iliyopita, baada ya mkutano, mama mmoja wa kikundi chetu alinivuta pembeni. Akasema: "Mama, mtoto wangu ameona kitabu cha picha za wachoraji wakubwa kwa muuza vitabu vya zamani. Kila siku anakililia. Baba yake anasema mtihani hauulizi mambo ya picha. Mimi mwenyewe sijui nifanye nini. Ni kitabu kweli, ama ni mchezo tu?"

Nilimwambia nitamjibu hapa kwenye ukurasa wetu, maana najua si yeye peke yake mwenye swali hilo. Lakini kabla ya jibu, acheni niwasimulie yaliyotokea nyumbani kwangu.

Binti yangu wa mwisho ana miaka kumi. Siku moja nilirudi kutoka sokoni nikakuta amechukua makala ya mbabula na kuchora ukutani, ukuta wenyewe tulikuwa tumeupaka rangi kwa ajili ya ndoa ya kaka yake. Alikuwa amechora mama anapika, na moshi unapanda mpaka karibu na dirisha. Sikutazama hata kidogo kama kazi ni nzuri. Nilipiga kelele, nikampa kitambaa na ndoo, akaosha. Ukuta ukawa mbaya kuliko mwanzo. Mtoto akakaa siku tatu bila kuniangalia machoni.

Wiki hiyohiyo nilipita mahali wanapotandika vitabu vya zamani chini, kando ya barabara. Kulikuwa na kimoja kikubwa, cha Kifaransa, jalada limechanika, kurasa za mwanzo hazipo. Ndani, picha za wachoraji wa Ulaya, ukurasa mzima kila moja, na maneno machache chini. Muuzaji alitaka franka 15.000. Nilikaa pale, nikaondoka, nikarudi, akakubali 9.000. Hiyo ilikuwa pesa ya mboga ya siku mbili. Nilikificha nyuma ya mfuko wa unga mpaka Jumapili, siku ambayo baba yao huwa na moyo mwepesi.

Sasa, mjue kwamba mama yangu mzazi anaishi nasi. Watoto wanamwita nkambo. Hakuingia shule hata siku moja. Jioni watoto wanapofungua madaftari, yeye huchukua kiti chake na kwenda kukaa mlangoni. Miaka yote nilifikiri anafuata upepo. Jumapili hiyo tulipofungua kitabu juu ya mkeka, binti yangu alimwambia: "Nkambo, njoo uone." Akaja. Akakaa. Hakuondoka mpaka giza.

Picha iliyomkamata ilikuwa ya wanawake watatu shambani. Wawili wameinama kabisa, mkono mmoja chini. Wa tatu anataka kuinama ama anataka kunyooka, mgongo umekataa. Wamefunga vitambaa kichwani, kimoja cha bluu, kimoja chekundu. Nyuma yao, mbali, kuna marundo makubwa ya ngano, watu wengi wanapakia, na mtu mmoja mdogo amepanda farasi.

Mama akasema: "Hawa wanaokota mabaki. Kama Ruthu." Kisha akaweka kidole juu ya yule mtu wa farasi. "Na huyu ni mlinzi. Sisi pia tulikuwa na wetu."

Nikamwuliza: "Ninyi nani?"

Ndipo akasimulia. Mwaka ambao kampuni ya baba yangu haikulipa mshahara kwa miezi mingi, mimi nikiwa bado wa mgongoni, yeye na jirani wawili walikuwa wakienda kwenye shamba kubwa la mahindi nje ya mji, baada ya mavuno. Mlinzi aliwaacha waingie jua likishainama. Waliokota vibunzi vilivyosahauliwa na punje zilizomwagika katika mchanga. Nusu ndoo kwa siku, ikiwa siku ni nzuri. Bukari tuliyokula mwaka ule ilitoka hapo.

Nina miaka zaidi ya arobaini. Sikuwahi kusikia habari hiyo. Binti yangu akauliza: "Nkambo, mlikuwa mnainama hivi kama hawa?" Mama akasimama katikati ya nyumba, akainama, akatuonyesha. Alisema yule wa kulia ndiye aliyechoka kuliko wote, maana kuinuka kunauma kuliko kuinama. Aliyechora picha ile alijua jambo hilohilo.

Jina lake ni Jean-François Millet, Mfaransa. Alizaliwa 1814 katika familia ya wakulima, naye mwenyewe alilima akiwa kijana. Picha hiyo aliionyesha Paris mwaka 1857. Matajiri wengi hawakuipenda. Walizoea kuona wafalme, vita na watakatifu kwenye picha kubwa, na hawa walikuwa maskini watatu wanaookota chakula. Leo iko Paris, katika jumba la makumbusho la Orsay, na watu wanatoka nchi zote kuitazama. Mama yangu hakuhitaji kufika Paris wala kusoma maneno ya chini. Aliisoma mwenyewe.

Hapo ndipo nilielewa kwa nini vitabu hivi vinavuta watoto na wazee. Vitabu vingine vinakuuliza Kifaransa kwanza. Usipokuwa nacho, unabaki nje. Kitabu cha picha kinaanza na macho. Nyumbani kwetu kazi iligawanyika yenyewe: mtoto anasoma jina la mchoraji na mwaka, nkambo anaeleza kazi inayofanyika ndani ya picha. Kila mmoja ana kitu ambacho mwenzake hana. Tangu siku hiyo kiti cha mlangoni kinakaa bure jioni za Jumapili.

Tumeshapita kurasa nyingi. Kuna picha ya mama anamwosha mtoto miguu ndani ya beseni, jagi kando yake, vichwa vyao vimegusana. Aliichora Mary Cassatt, mwanamke wa Marekani aliyeishi Ufaransa, mwaka 1893. Yeye mwenyewe hakuzaa, lakini angalieni jinsi mkono wa yule mama unavyoshika mguu wa mtoto: imara, asiteleze. Kila mmoja wetu anajua mkono huo. Wakati wake shule kubwa ya uchoraji ya serikali huko Paris ilikuwa haipokei wanawake, naye akajifunza kwa walimu wa kulipa na kwa kunakili picha ndani ya makumbusho.

Kuna nyingine ya Vincent van Gogh, Mholanzi, ya mwaka 1885. Watu watano wanakula viazi usiku chini ya taa moja. Watoto wangu waliicheka: "Mama, umeme umekatika kwao pia!" Vincent alimwandikia mdogo wake kwamba alitaka watu waone kuwa mikono inayochukua viazi kwenye sahani ndiyo mikono ileile iliyolima udongo. Alifariki 1890, ana miaka 37, na karibu hakuna aliyekuwa amenunua picha zake.

Juu ya mtu huyu, nataka niwape habari ya mwanamke mmoja ambaye vitabu vingi vinampitia haraka. Mdogo wake Vincent aliitwa Theo, ndiye aliyekuwa akimtumia pesa ya chakula na rangi. Theo naye akafariki miezi sita tu baada ya kaka yake, Januari 1891. Akamwacha mjane, Johanna, na mtoto ambaye hakuwa hata na mwaka mmoja. Urithi wake ulikuwa nyumba iliyojaa picha ambazo watu hawakuzitaka, na marundo ya barua. Fikirini mmoja wetu katika hali hiyo, na majirani wanaotoa shauri. Johanna alirudi Uholanzi, akafungua nyumba ya kupokea wageni ili apate kula na mtoto wake, na picha akazipachika ukutani. Usiku alisoma barua. Akatafuta maonyesho, akaandikia wakubwa, akauza picha chache chache kwa akili. Mwaka 1905 alifanya maonyesho makubwa Amsterdam. Mwaka 1914 alitoa barua hizo kuwa kitabu. Kama leo dunia nzima inamjua Van Gogh, ni kwa sababu mjane mmoja mwenye mtoto mchanga hakutupa.

Sasa niseme jambo ambalo najua baadhi yenu mnalingoja. Ndani ya vitabu hivi kuna picha za watu uchi. Mama mmoja wa parokia alifungua kitabu changu, akakifunga haraka kama amegusa sufuria ya moto. Simlaumu. Mimi nafanya hivi: natazama kitabu chote peke yangu kwanza. Kurasa ambazo sizitaki kwa watoto wadogo nazibana kwa kibanio cha nguo. Sizichani, maana mkubwa wao yuko sekondari na ameshauliza. Nilimwambia ukweli: wachoraji wa Ulaya walijifunza mwili wa mtu kama wauguzi wanavyojifunza, mfupa kwa mfupa, na baadhi ya picha zilifanywa kwa heshima, nyingine kwa kufurahisha macho ya matajiri. Anaweza kutofautisha. Nafikiri ni afadhali ajifunze kutofautisha akiwa nami kwenye mkeka kuliko peke yake kwenye simu. Lakini kila mama anajua nyumba yake.

Swali gumu zaidi lilitoka kwa binti yangu. Tulipofika ukurasa wa mwisho aliuliza: "Mama, wachoraji wote ni wazungu?"

Nilinyamaza. Kitabu changu kilikuwa kimejibu ndiyo. Basi nilianza kuulizauliza, kwa walimu, kwa vijana wanaosoma sanaa hapa mjini, na nikajifunza mambo ambayo ningepaswa kuyajua tangu zamani.

Bukama, hapo kwenye mto Lualaba ambapo treni inapita, mwaka 1926 Mbelgiji mmoja mtumishi wa serikali aliona nyumba zilizochorwa ukutani. Aliyezichora aliitwa Albert Lubaki. Mbelgiji akampa karatasi na rangi za maji. Na mke wa Albert, Antoinette Lubaki, naye alichora: wanyama, watu, miti. Picha zao zikavuka bahari, mwaka 1929 zikaonyeshwa Brussels. Mwaka 2015 zilionyeshwa tena Paris, katika maonyesho makubwa ya picha za Kongo, na kitabu kikatolewa chenye picha hizo ndani. Mke wa Bukama, miaka karibu mia moja iliyopita, yumo ndani ya kitabu cha wachoraji. Lakini juu ya maisha yake kumeandikwa kidogo sana. Hakuwa na Johanna wake.

Niliposikia kwamba yote yalianzia kwenye ukuta wa nyumba, nilikumbuka kitambaa na ndoo. Nilimwita binti yangu, nikamwambia nimekosa. Siyo kwa kukataza ukuta, ukuta bado nimeukataza. Ila kwa kutotazama.

Hapa Lubumbashi, mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua nyumba ya wachoraji. Hakuwalazimisha kuiga picha za Ulaya. Pilipili Mulongoy alichora samaki, ndege na nyoka, maji na majani yamejaa kila pembe. Mwenze Kibwanga alijaza picha nzima kwa mistari midogo midogo. Bela alichora kwa ncha za vidole. Kazi zao ziko ndani ya vitabu na makumbusho ya mbali, na hapa mjini watoto wengi hawajasikia majina hayo.

Halafu kuna zile tablo ambazo wengi wetu tulikua nazo sebuleni: mamba muntu na nywele zake ndefu, askari anampiga mtu kiboko wakati wa Wabelgiji, Lumumba amefungwa mikono. Wazazi wetu walizinunua kwa mchoraji aliyepita mlango kwa mlango, zimechorwa kwenye kitambaa cha magunia ya unga. Waliziita ukumbusho. Mmoja wa wachoraji hao, Tshibumba Kanda-Matulu, mnamo 1973 na 1974 alichora historia yote ya nchi yetu, picha 101, akimfanyia mwalimu mmoja wa chuo kikuu. Na kila picha aliieleza kwa mdomo, kwa Kiswahili chetu cha Katanga, kwenye mashine ya kunasa sauti. Mwaka 1996 kitabu kikatoka Marekani, picha na maelezo yake ndani. Mtu wa mji huu alikaa na kusema: hivi ndivyo ilivyokuwa. Kwa sababu kulikuwa na mtu wa kumwandika, maneno yake yapo.

Basi, jibu kwa yule mama. Ndiyo, ni kitabu. Sisemi kitamwongezea mtoto wako alama. Baba yake ana haki, mtihani hauulizi habari za Millet. Lakini mtoto anayezoea kutazama kitu kimoja kwa nusu saa na kusema anachokiona, amepata kitu ambacho mwalimu yeyote atafurahi kukikuta.

Kama pesa ni kidogo, na najua ni kidogo, fanyeni kama tulivyofanya katika kikundi chetu. Tulitoa 1.000 kila mmoja kutoka likelemba, wamama kumi na wawili, tukanunua viwili vya zamani. Kila kitabu kinakaa nyumba moja wiki moja, kinahama siku ya mkutano. Tumekifunika kwa nailoni. Sheria ni tatu: mikono ioshwe, hasa baada ya sombe; hakuna kukunja kurasa; hakuna kukiacha mahali mvua inapovuja.

Na mkishakaa nacho, msikimbie. Picha moja kwa jioni inatosha. Sisi tunauliza hivi: Unaona nani? Anafanya kazi gani, na mikono yake iko vipi? Mwanga unatoka wapi? Nini kilitokea kabla ya hapa? Wewe ulishaona mtu wa namna hii, wapi? Swali la mwisho ndilo linalofungua midomo ya wazee. Acheni waseme mpaka mwisho, hata kama chakula kitachelewa kidogo.

Na nyumbani ambako kitabu hakijafika, tafuteni tablo ya zamani iliyobaki kwa shangazi, kalenda, picha ya harusi. Watoto wachore wenyewe nyuma ya makartoni ya sabuni kwa makala. Sisi tunayapachika jikoni, moshi unayala polepole, wanachora mengine.

Binti yangu sasa ana daftari. Amechora nkambo na jirani zake wawili shambani, wameinama, ndoo katikati, na mlinzi kwa mbali. Hakuwa na farasi, kwa hiyo amempa baiskeli. Chini ameandika majina yote matatu, maana nkambo aliyakumbuka yote. Wawili wameshafariki. Jumapili iliyopita mtoto wa mmoja wao, ambaye sasa ni baba mwenye mvi, alipita kutusalimia. Tulimwonyesha ukurasa. Akasoma jina la mama yake, akauliza kama anaweza kuketi kidogo.

Wiki ijayo tutaongea juu ya kukausha mboga kabla ya kiangazi kuisha. Mwenye njia yake nzuri aniletee Jumamosi kabla ya mkutano.

Salamu kwa nyumba zenu zote.